Mti ni wa nani? Mkaa, gesi na amri za tabianchi katika Dodoma

Adhana ya alfajiri ya Msikiti wa Gaddafi inapokwisha, pikipiki za mkaa zinakuwa zimeshaingia mjini. Zimetoka upande wa Mayamaya na zaidi ya hapo, kwenye barabara ya Kondoa, zimepita Msalato taa zikiwa zimezimwa, kila moja na magunia mawili au matatu yaliyokazwa kwa mipira ya tyubu. Dereva hukaa karibu juu ya tangi la mafuta kwa sababu mzigo umemsukuma mbele. Jua likichomoza, magunia yapo Majengo, Sabasaba, Chang'ombe na mitaa mipya ya pembezoni, yamefunguliwa midomo, na akina mama wameanza kupima sado.

Pale Majengo nilisimama kwa muuzaji mmoja asubuhi nzima. Kabla hajalinunua gunia huchomoa vipande viwili, akavigonganisha sikioni. Mkaa wa mgunga hulia kama vyuma viwili. Wa mti laini hutoa sauti ya kuni. Unaolia anauuza kwa kopo lililojazwa usawa wa mdomo, usiolia anaongezea kilele ili mteja asikasirike. Nilimuuliza kama nyumbani kwake ana gesi. Anayo, mtungi mdogo wa kilo 6, aliupata kwa bei ya ruzuku. Unachemsha chai na uji wa watoto. Maharage na ugali wa jioni hupikwa kwa mkaa. "Gesi ikiisha tarehe kumi na tano, baba, mimi elfu ishirini na kitu ya kuijaza naitoa wapi kwa mkupuo? Mkaa nanunua wa jero, wa buku, siku inapita."

Maneno hayo ya mama wa Majengo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Ndani yake kuna biashara nzima ya nishati ya kupikia katika makao makuu ya nchi, na kuna jambo ambalo sera yetu ya tabianchi bado haijalishika vizuri.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kuwa ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia gesi, umeme au nishati nyingine safi. Mahali pa kuanzia palikuwa chini mno: mwaka 2021 waliokuwa wakitumia nishati safi walikuwa asilimia 6.9. Mkakati unakadiria kuwa watu 33,000 hivi hufa kila mwaka kwa magonjwa yanayotokana na moshi wa jikoni, na gharama ya utekelezaji imewekwa kuwa shilingi trilioni 4.6. Siku chache baada ya uzinduzi, tarehe 14 Mei, Rais alikuwa Paris akiwa mwenyekiti mwenza wa mkutano uliotoa ahadi za dola bilioni 2.2 kwa ajili ya nishati ya kupikia barani Afrika. Kabla ya hapo, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikuwa zimeamriwa kuachana na kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, kisha muda ukasogezwa hadi mwisho wa mwaka huo.

Sina ugomvi na lengo. Nimekulia kwenye jiko la mafiga matatu na kikohozi cha bibi yangu nakikumbuka. Wala sina shaka kwamba mvua za Dodoma zimekuwa za wasiwasi. Mkulima wa uwele na mtama anayengoja milimita 500 na kitu kwa mwaka hahitaji kuelezwa na mtu wa nje kwamba msimu umebadilika. Shaka yangu iko kwenye njia. Mimi ni katika wale wanaoitwa wahafidhina kwenye mambo ya uchumi: naamini amri inayotoka mezani ina haki ya kuaminiwa pale tu ilipopimwa na mfuko wa mtu wa chini, na kwamba mwenye mali huitunza kuliko afisa yeyote. Bara zima la Afrika linatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Tanzania imejifunga kupunguza yake kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030 kulinganisha na jinsi hali ingekuwa bila hatua yoyote. Ni haki kuuliza sehemu ya mzigo huo inayoangukia sado ya mama wa Majengo ni kubwa kiasi gani, na nani aliipima.

Tuiangalie biashara yenyewe kuanzia porini.

Mchomaji wa mkaa Dodoma mara nyingi ni mkulima ambaye mahindi yake hayakuzaa. Kiangazi kinapoanza Mei na ghala likiwa nusu, anachukua shoka. Hukata magogo ya urefu wa hatua mbili, huyapanga kwa wiki nzima, huyafunika kwa majani mabichi na kuyamwagia udongo mpaka tanuru lifanane na kaburi kubwa. Likishawashwa halilali peke yake. Moshi mweupe ni maji ya mti. Ukigeuka wa bluu mwembamba, kuni zinakuwa mkaa. Udongo ukipasuka usiku na yeye amelala, hewa huingia, na asubuhi atakuta jivu la kazi ya wiki tatu. Hata likienda vizuri, tanuru la udongo la namna hii hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Hapo ndipo upotevu mkubwa wa misitu ulipo, kuliko hata jikoni. Tanuru lenye bomba la moshi na magogo yaliyokaushwa vizuri hupunguza upotevu huo, lakini linataka mtu akae mahali pamoja miaka kadhaa. Mtu anayechoma kwa kujificha hatajenga tanuru la kudumu, anachoma, anahama.

Kwa nini ajifiche? Kwa sababu biashara hii ni halali kwenye karatasi na ni ya shida kwenye utekelezaji. Kuvuna kunahitaji kibali kinachopitia kamati ya uvunaji ya wilaya, kuna mrabaha wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kuna ushuru wa halmashauri, kuna usajili wa mfanyabiashara, kuna hati ya kusafirishia inayokaguliwa kwenye mageti. Kila kimoja kina sababu yake. Vikijumlishwa, mwenye magunia manne na pikipiki ya kukodi anaona njia ya saa tisa usiku ni rahisi zaidi. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa biashara ya mkaa nchini ilikuwa na thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka, na kwamba serikali ilikuwa ikipoteza kama dola milioni 100 za mapato kila mwaka kwa kushindwa kuisimamia. Ukipima kwa fedha, hiyo ilikuwa sekta kubwa kuliko mazao mengi tunayoyapigia ngoma, lakini ilikuwa haina wizara iliyoipenda, haina benki iliyoikopesha, haina chuo kilichoifundisha.

Serikali yenyewe ilikiri ugonjwa huu kwenye biashara kwa jumla. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule tunaouita MKUMBI, ulioanza kutekelezwa Julai 2019, ulizaliwa kutokana na malalamiko kwamba mfanyabiashara mmoja anakaguliwa na taasisi nyingi kwa jambo lile lile. Tozo nyingi zimefutwa au kuunganishwa tangu wakati huo, na wenye viwanda na mahoteli wanalisema hilo kwa shukrani. Mchoma mkaa wa Chemba hakuwa na chama cha kumpeleka kwenye meza hiyo.

Wakati mwingine serikali huona kazi ya kupanga ni ndefu, ikakata shauri kwa marufuku. Tunalo somo letu wenyewe. Januari 2006 mkaa ulipigwa marufuku nchini. Dar es Salaam, mji uliokuwa ukila karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania, bei ya gunia ilipaa ndani ya siku chache na marufuku ikaondolewa haraka. Chad walijaribu mwanzoni mwa 2009. Wanawake wa N'Djamena wakatoka barabarani na masufuria matupu. Kenya ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, ikakaa na zuio hilo hadi Julai 2023, na katika miaka hiyo mkaa ulivuka mpaka kutoka Uganda. Mei 2023 Rais Museveni naye alitia saini amri ya kuzuia uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Marufuku ya nchi moja imekuwa soko la jirani. Ndani ya nchi mambo ni hayo hayo kwa wilaya: ukikaza Chamwino, pikipiki zinakwenda Manyoni.

Mkoa wa Dodoma una historia ndefu ya kupangiwa na watu wenye nia njema. Kongwa mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya Ulaya iliyotoka vitani. Walikuwa wamefanya utafiti wa wiki chache tu. Wenyeji, Wagogo, walijua kwamba udongo ule mwekundu ukikauka hugeuka saruji na kwamba mvua yake haina ahadi, hakuna aliyewauliza. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeyeyuka. Miaka 20 baadaye Operesheni Dodoma iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika na ng'ombe wao kwenye vijiji vikubwa. Shule na zahanati zilisogea karibu, na hilo ni jema. Lakini kuni zilizokuwa zikiokotwa na kaya tano bondeni sasa zilitafutwa na kaya mia tatu kuzunguka kijiji kimoja, na kila mwaka mwanamke alitembea mbali zaidi kuzifuata.

HADO naileta kwa heshima, kwa sababu haiungi mkono hoja yangu yote. Hifadhi Ardhi Dodoma ilianza 1973 kwa msaada wa Sweden. Milima ya Irangi, Kondoa, ilikuwa imechimbika makorongo ambamo nyumba ingeweza kuzama. Matuta na miti peke yake havikutosha, na mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote itoke kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wapatao 90,000. Ukipita Kondoa leo utaona mabonde yaliyofunikwa tena, na wazee waliopinga siku ile watakuambia ardhi ilipona. Hilo ni kweli na lisifichwe. Kweli nyingine ni kwamba mifugo ile haikuyeyuka. Ilikwenda kwenye malisho ya watu wengine, na familia ambazo ng'ombe ndiye alikuwa benki, mahari na maziwa ya mtoto zilibaki zinalipa deni la udongo wa nchi nzima. Ilichukua miaka 10 mpaka mwaka 1989 ng'ombe wa maziwa wa kufugwa zizini waliporuhusiwa kuingia tena. Amri iliponya ardhi. Gharama yake haikuandikwa popote, na asiyeandikiwa gharama hupewa amri ya pili kwa urahisi uleule.

Vuka mpaka kutoka Kondoa uingie Babati, utakuta hadithi ya upande wa pili. Duru-Haitemba ni msitu wa miombo wa hekta 9,000 hivi unaozungukwa na vijiji 8. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza kuupima ili uwe hifadhi ya misitu ya taifa. Watu walipoona vigingi vya mipaka, walikimbilia kukata: kesho si wetu, tuchukue leo. Walinzi hawakutosha. Kisha busara ikaingia, mpango ukageuzwa, na kufikia 1994 vijiji vikakabidhiwa msitu wao pamoja na haki ya kutunga sheria ndogo. Ukataji ulikoma kwa amri ya vijiji vyenyewe. Vijana wa doria hawakulipwa mshahara na serikali, na bado walimkamata jirani yao. Kutoka kwenye jambo hilo ndipo Sheria ya Misitu ya 2002 ilipopata uti wa mgongo wa misitu ya vijiji, mojawapo ya sheria nzuri kabisa tulizowahi kutunga.

Shinyanga nako, mpango wa HASHI ulioanza 1986 haukuwa na ujanja mkubwa: uliwarudishia Wasukuma ngitili zao, yale malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi, ya ukoo au ya kijiji. Kutoka hekta mia chache zilizokuwa zimehesabiwa mwanzo, ziliongezeka zikavuka hekta 300,000. Huko Kilosa, upande wa pili wa milima ya Mpwapwa, kuanzia 2012 vijiji kama Ihombwa na Ulaya Mbuyuni vilifanya jambo ambalo wengi walilisema haliwezekani: kuchoma mkaa kisheria na kubaki na msitu. Kijiji hutenga sehemu ndogo ya msitu wake, takriban asilimia 10, huigawa vipande vya mita 50 kwa 50 kama bao la drafti, huvuna kipande kimoja na kuruka cha jirani, huacha visiki vichipue, na hakirudi pale mpaka ipite miaka 24. Mapato huingia mfuko wa kijiji, na wanakijiji huyaona yakigeuka darasa, zahanati, ofisi. Mchoma mkaa ana namba yake, ana eneo lake, ana sababu ya kujenga tanuru bora.

Kilichoitikisa Kilosa hakikuwa moto wala ukame. Kilikuwa kanuni. Mwaka 2019 masharti ya uvunaji na biashara ya mazao ya misitu yalibadilishwa, maamuzi zaidi yakarudishwa wilayani, na vijiji vilivyokuwa vimejipangia bei na ruhusa vikajikuta vinangoja muhuri. Mwekezaji wa kiwanda akibadilishiwa kanuni katikati ya mchezo huita wanasheria. Kijiji husubiri, kikichoka kusubiri, kila mtu hurudi na shoka lake mwenyewe. Msitu unaovunwa kwa mzunguko wa miaka 24 unahitaji kanuni zinazoweza kuishi walau nusu ya umri huo.

Turudi sokoni, kwenye mtungi.

Biashara ya gesi Dodoma imekua haraka kuliko watu wengi walivyotarajia, na sehemu kubwa imekua bila kusukumwa. Mji ulipotangazwa kuwa makao ya serikali kwa vitendo mwaka 2016 na kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, ulipokea watumishi wenye mshahara wa mwezi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 jijini. Ofisi zilifuatwa na wapangaji, wapangaji wakafuatwa na mawakala wa mitungi: Oryx, Taifa Gas, Lake Gas na wengine, kila mtaa na kibanda chake chenye wavu wa chuma. Mpangaji wa chumba na sebule Nkuhungu hakatazwi mkaa na mtu. Mwenye nyumba hataki vigae viwe vyeusi, na yeye mwenyewe anarudi saa moja usiku na njaa. Mshahara, muda na mwenye nyumba vimeuza gesi nyingi kuliko tamko lolote.

Kikwazo ni kile kile alichokitaja mama wa Majengo: mkupuo. Gesi ukiipigia hesabu ya mwezi mzima haipishani sana na mkaa, na mara nyingine ni nafuu. Lakini mkaa unauzwa wa shilingi 500. Ndiyo maana gesi ya kupima, ile yenye mita kwenye mtungi na malipo ya simu kidogo kidogo, iliyoanzia Dar es Salaam, naiona kuwa na maana kubwa kuliko mitungi ya ruzuku. Ruzuku humpa mtu chombo mara moja. Mita humpa namna ya kukijaza kila wiki kwa hela aliyonayo. Kampuni binafsi ziligundua hilo kwa sababu zilikuwa zinapoteza wateja tarehe kumi na tano.

Kwenye umeme kuna kanuni inayoshangaza zaidi, na hii serikali inaweza kuirekebisha bila mkopo wa mtu. Mteja mdogo wa nyumbani, aliye kwenye kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya juu yake ni shilingi 350. Akiendelea kuvuka, huhamishiwa kundi la bei ya kawaida kwa uniti zote. Sasa mpe mama huyu jiko la umeme la presha, ambalo hupika maharage kwa uniti isiyozidi moja na kwa uhodari wa ajabu. Atafurahi mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili taa, friji na jiko vinamtoa kwenye bei nafuu, na jirani zake wote wanajua mtu aliyefukuzwa D1. Tunalo Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, tunahimiza watu wapikie umeme, na wakati huohuo bei zetu zinamwadhibu maskini anayeitikia. Mezani kwa wadhibiti bei, mstari mmoja ukibadilishwa ungefanya kazi ya semina mia.

Lipo pia suala la kile tunachokiita safi. Gesi ya mitungi karibu yote inaingia kwa meli na kulipiwa dola, ingawa gesi asilia ya Songo Songo tumeanza kuitumia tangu 2004 na bado haijafika jikoni kwa wengi. Shirika la STAMICO linatengeneza mkaa mbadala uitwao Rafiki kutokana na makaa ya mawe, na magereza na shule zinahimizwa kuutumia. Siupingi, unaokoa miti na unatoa ajira. Ila mti uliokatwa vizuri huchipua na kuinyonya tena hewa ile uliyoitoa, jambo ambalo makaa ya mawe ya Kiwira hayawezi kufanya. Kama hesabu yetu ni ya hewa ukaa, basi mkaa wa Kilosa wa mzunguko wa miaka 24 unastahili nafasi kwenye orodha ya nishati zinazokubalika. Kama hesabu ni ya mapafu ya akina mama, basi tuzungumzie moshi, majiko banifu na madirisha, na tuseme hivyo wazi. Kuchanganya hesabu mbili kumetufanya tupige marufuku kitu ambacho tungeweza kukilima.

Katika shule moja ya sekondari wilayani Chamwino niliona maana ya tarehe za mwisho. Jikoni kuna masufuria mawili ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake, na mpishi anayekoroga makande kwa mwiko wa urefu wa kasia. Wazazi wanachangia chakula kwa debe: debe la mahindi, kilo za maharage. Kuni zilikuwa zinaletwa na wanafunzi na mzee mmoja mwenye mkokoteni. Amri ya nishati safi ilipofika, mwalimu wa chakula alitafuta makadirio ya mfumo wa gesi, yakaja ya mamilioni, na kila ujazo baada ya hapo ni fedha taslimu. Mtungi haupokei mahindi. Baadaye walichokifanya hakikutoka kwenye waraka wowote: walijenga jiko banifu la matofali lenye bomba, kuni zikapungua zaidi ya nusu kwa kipimo cha mkokoteni, na wakapanda miti yao nyuma ya mabweni. Kwa barua ya amri bado wana makosa. Kwa macho ya mtu yeyote mwenye haki, wameshafanya kazi tuliyowaomba.

Mtu atauliza: tukiacha amri, nani atazuia jangwa? Ni swali la haki, hasa Dodoma. Jibu langu lipo kwenye mashamba ya Kongwa na Mpwapwa, ambako tangu 2018 shirika la LEAD Foundation limekuwa wakifundisha kisiki hai. Hakuna kitalu wala mche wa kununua. Chini ya udongo wa shamba lililoonekana tupu kuna mizizi ya miti iliyokatwa miaka iliyopita, na kila masika inachipua vijiti ishirini ambavyo mbuzi huvila na jembe huvifyeka. Mkulima huchagua viwili au vitatu vilivyonyooka, hupogoa vingine, na hufunga kitambaa kwenye vile alivyovichagua ili mchungaji na mlimaji wajue vina mwenyewe. Miaka mitatu baadaye ana kivuli, ana majani ya mbuzi, ana kuni za kupogoa bila kuua mti. Gharama yake ni kisu na kitambaa.

Karibu na Kibaigwa mzee mmoja alinitembeza kwenye shamba lake la mtama. Tulisalimiana kwa mbukwa, salamu ya Kigogo, akanionyesha migunga yake kwa mpangilio kama mtu anayetambulisha wajukuu. Ule mkubwa una kitambaa chekundu kilichopauka, kipande cha gauni la marehemu mkewe. Ameshakilegeza mara mbili ili kisiukabe mti. Ana miti zaidi ya arobaini kwenye ekari tatu. Hesabu yake ameifanya: akivuna matawi ya miti minne kila mwaka na kuiacha mingine, anaweza kupata magunia ya mkaa ya kulipia bima ya afya na ada ya mjukuu, na shamba lisijue. Anajua pia kwamba mkaa huo, hata ukitoka kwenye mti aliouchagua mwenyewe na kuufunga kitambaa chake mwenyewe, hauwezi kupita barabara ya lami mpaka kwanza aende ofisi ya misitu ya wilaya, apange foleni moja na yule aliyefyeka msitu wa watu.

Alishika shina, akanitazama. "Mwanangu, wewe unaandika magazetini. Huu mti ukishakuwa mkubwa, utakuwa wangu au wa serikali?"

Nilimwambia sheria inavyosema kuhusu vibali. Akanyamaza, akainama, akaendelea kupogoa machipukizi ya kisiki kinachofuata.